Nyimbo za Wubalem na Kompyuta Isiyokubali Kulala

Debre Markos,
Tikimt 4, 2011

Fikirte, mtoto wa dada yangu,

Salamu nimeziweka mwishoni ili usome yote. Kompyuta yako inanidharau.

Nasema yako kwa sababu ikifanya kazi ni yangu, ikileta kiburi ni yako. Kila jioni nikitaka kufunga duka langu la picha naiambia ilale. Inajibu haya, nalala. Kisha kile kiduara kinaanza kuzunguka. Mimi nimeshavaa koti, nimesimama mlangoni na kufuli mkononi, chenyewe kinazunguka. Inaandika kwamba haiwezi kuzima, bado inangoja jibu kutoka kwa lile sanduku la kuhifadhia ulilonifungia ukutani. Na sanduku lenyewe linapepesa taa ya kijani kama mlevi anayemkonyeza mke wa mtu. Asubuhi nikiiamsha kinaruka kibango chekundu: nakala ya akiba imeshindikana. Siku hizi nakiona kibango hicho kuliko ninavyoiona injera kwenye sahani yangu.

Ningepuuza. Picha za harusi za watu zikipotea, wenyewe wataoana tena, tena wengine kwa furaha zaidi. Lakini humo ndani yumo Wubalem.

Unamjua, yule mwenye nyumba ya pombe ya asali nyuma ya soko la nafaka, nilikopiga zeze tangu nikiwa na nywele. Mwaka mpya ulipoingia aliniita. "Beyene," akasema, "sikukuu ya Meskel ikipita navaa kofia ya njano, nakuwa mtawa. Padri wangu amesema nyimbo za kilabuni basi. Lete mashine yako nikuimbie zote, kisha nifunge mdomo." Nikapeleka. Akaimba za harusi, akaimba za kuwasema waume, akaimba na zile ambazo nikikuandikia hapa karatasi itashika moto. Nyingine hakuna mtu mwingine azijuaye. Alipewa na mama yake, na yeye hakujaliwa binti wa kumpa. Basi Meskel imepita, kofia ameivaa, watu wanamwita Emahoy, na akinikuta barabarani ananibariki. Mimi, Beyene, nabarikiwa na Wubalem.

Nyimbo hizo ziko ndani ya kompyuta hii na hakuna kwingine, na tumboni mwake kuna kitu kinakwaruza kama panya kwenye gunia la mahindi. Sanduku halizitaki. Nifanye nini? Nijibu kwa barua. Simu sitaki, unajua masikio yangu kwenye simu husikia nyuki tu. Mpe Dejene, yule wa lori la nafaka ya tefu.

Salamu sasa, nyingi.

Mjomba wako,
Beyene


Addis Ababa,
17 Oktoba 2018

Mjomba Beyene,

Shikamoo. Nimesoma barua yako ofisini nikajifanya nakohoa.

Tuanze na mambo mepesi. Zima ile ruta ndogo yenye antena, uhesabu pole pole mpaka ukichoka, uiwashe. Fanya hivyo na kwa sanduku. Kisha fungua sanduku kutoka kwenye kompyuta kama nilivyokuonyesha, na likiuliza nenosiri andika jina la mama, herufi kubwa mwanzoni.

Ningekwambia uzihamishie kwenye flashi, ila matundu yote mawili yalikufa siku ile ulipoinywesha kompyuta kahawa, na hiyo ndiyo sababu tulinunua sanduku. Wala usinitumie kompyuta kwa lori. Kama inakwaruza unavyosema, ikishuka korongo la mto Abay juu ya magunia itafika huku maiti.

Mambo mawili nataka unijibu kweli. La kwanza: mpaka mwezi wa nane sanduku lilikuwa linapokea kila kitu. Umegusa nini tangu hapo? Umeharibu nini? Sitagomba. La pili: inapokataa kuzima, wewe unafanyaje? Usije ukaing'oa betri, mjomba. Hicho ndicho kinachoua diski.

Mpwa wako,
Fikirte


Debre Markos,
Tikimt 11, 2011

Fikirte,

Naona umeandika 2018. Wewe mtoto, umekwenda kufanya kazi na Wazungu wiki tatu umeshatupita miaka saba. Sisi huku tuko 2011 na hatuna haraka.

Nimefanya yote. Ruta nimeizima, nimehesabu mpaka nikapitiwa na usingizi, nimeiwasha. Sanduku hali kadhalika. Nenosiri nimeandika jina la dada yangu, Mungu amweke mahali pema, na sanduku likanijibu kwamba halinitambui. Nikaandika tena pole pole. Halinitambui. Nimelilisha umeme mwaka mzima.

Sileshi wa duka la dawa alikuja kuchungulia, akasema hilo ni jicho baya, akakimbilia kwake kuleta chupa ya maji matakatifu. Nikamwambia, "Sileshi, maji ndiyo yaliyoua yale matundu mawili." Akasema, "Hiyo ilikuwa kahawa." Ilibidi nisimame katikati yake na ukuta mikono nimeitandaza, mpaka akaondoka akilaani.

Sasa majibu. Sijaharibu kitu. Sijagusa kitu. Nakuapia kwa Marko Mtakatifu mwenye mji wake. Na betri sijaing'oa, ingawa ni betri inayong'oka kwa urahisi sana.

Mjomba wako asiyetambulikana kwa masanduku,
Beyene


Addis Ababa,
24 Oktoba 2018

Mjomba,

Dejene amekusema. Nilimfuata mwenyewe kwenye soko la tefu. Anasema ulimwonyesha jinsi unavyoing'oa betri kila jioni, tena ukamwambia ni kama jino la mtoto, usimpe nafasi ya kufikiri. Nikamuuliza, "Kila jioni?" Akasema, "Dada Fikirte, mimi nabeba barua tu."

Sikutaka kukutisha lakini lazima ujue. Mkwaruzo huo ni diski inayokufa. Kila ukiing'oa betri, unaikata katikati ya kuandika. Inaweza kuwaka mara nyingi bado, au ikawaka mara moja tu. Diski ikifa, Wubalem amekwenda nayo, na hapa mjini mafundi wa kufufua diski wanabahatisha kama waganga.

Kwa hiyo, kuanzia sasa iache ikiwaka, usiku na mchana, na waya wa umeme. Isizimwe wala isilazimishwe. Kisha unifanyie jambo moja. Chukua karatasi, unakili kila kitu unachokiona kwenye kioo, kuanzia kona hadi kona, hata usichokielewa. Usichague la maana na lisilo la maana. Nitachagua mimi.

Nimeomba likizo. Bosi, Mzungu, amesema labda Krismasi yenu, ile ya Januari. Nikaomba ile yao inayotangulia, akasema hapana.

Fikirte


Debre Markos,
Tikimt 18, 2011

Fikirte,

Yule Dejene nitamwimbia wimbo, na ninajua watakaoucheka.

Betri siing'oi tena. Kompyuta inakesha dukani kama mlinzi. Juzi iliganda kabisa, kioo kikawa cheusi, mkwaruzo ukanyamaza. Fikirte, nilikaa chini kando yake pale sakafuni. Niliisemesha. Niliipapasa mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Baadaye ikakohoa, ikarudi. Nimekuwa mzee wa kubembeleza vyuma.

Jana nimekutana na Emahoy anatoka kanisani. Nikainama kumbusu msalaba wake, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ziko salama?" Nikamwambia, "Ziko salama kama sadaka." Akasema, "Beyene, ninaijua sadaka inavyolindwa. Nijibu vizuri." Nikamwambia mtoto wa dada yangu anazisimamia. Akasema, "Mama alinipa hizo nikiwa nasaga shayiri. Zikipotea sina pa kuanzia tena, mdomo nimeshauwekea nadhiri." Akaenda zake. Sasa unajua nilivyolala.

Haya, karatasi yako. Nimechora kama mtoto wa darasa la kwanza, maana ndilo nililomaliza vizuri.

Kona ya juu kushoto: pipa la takataka, tupu. Chini yake: kibahasha cha njano, jina NYIMBO. Katikati: kibango chekundu, nakala imeshindikana. Chini ya kibango kuna maneno madogo nimeyanakili nyuma ya karatasi, sijui yanasema nini, yana harufu ya matusi. Upande wa kulia: picha ya dada yangu akiwa na wewe mgongoni. Chini kabisa: vijipicha sita, kimoja cha sauti, kimoja cha betri. Kona ya mwisho: 3:20 na chini yake 18/2/2011. Hiyo ni saa na tarehe, kila mtu anaijua, lakini umesema nisichague.

Beyene


Addis Ababa,
31 Oktoba 2018

Mjomba, mjomba, mjomba.

Nimepiga kelele ofisini mpaka watu wametoka kwenye viti. Nimelipata.

18/2/2011. Saa 3:20. Kompyuta haijui habari za miezi yetu, Tikimt wala Meskerem, haijui kwamba sisi mwaka wetu unabaki nyuma. Yenyewe inafuata hesabu ya Wazungu. Ukiiandikia mwezi wetu wa pili wa 2011, inaamini kabisa ni Februari ya miaka saba iliyopita. Sanduku ukutani linajua ni 2018. Kompyuta inabisha hodi, sanduku linatazama tarehe yake linaona mtu anayetoka miaka saba nyuma, linasema huyu ni mwongo, simtambui, hata kama nenosiri ni sahihi. Basi kompyuta inangoja mlangoni. Na kwa kuwa bado inangoja, haikubali kuzima. Kila kitu ni hicho kimoja. Hata maneno madogo uliyoyanakili ndiyo hayo, saa hazilingani.

Umebadilisha tarehe lini wewe, na uliapa kwa Marko?

Fanya hivi, leo hii hii. Bonyeza pale kwenye tarehe, irudishe iwe 2018, mwezi wa kumi na moja, na siku nitakayoiandika nyuma ya bahasha. Saa nayo uiongezee sita, kwa hesabu yao. Ukitaka kuhakikisha, ingia kwenye ukurasa wa msimamizi wa sanduku, ile picha ya gurudumu, nenosiri ni lile lile, utaona tarehe yake na utailinganisha. Zikilingana tu, nakala itaondoka yenyewe. Usibonyeze kingine.

Mwambie Emahoy zinafika.

Fikirte


Addis Ababa,
1 Novemba 2018

Mjomba, USIBADILISHE TAREHE. Kama hujabadilisha, iache. Usiguse kitu.

Nimempa barua ya jana Dejene asubuhi, na lori limeondoka, ndipo nikakumbuka. Nilipofunga sanduku niliona kompyuta yako ni ndogo, nikaweka sheria mbili. Moja: kitu kikishahamia kwenye sanduku, kompyuta ifute cha kwake ili ipate nafasi. Mbili: sanduku lifute kila kitu kilichozidi miaka mitano, maana nani anarudi kudai picha za harusi za zamani hivyo.

Nyimbo ulizirekodi baada ya kuchezea tarehe. Zimepigwa muhuri wa 2011. Ukiirudisha kompyuta 2018, sanduku litakubali, litazipokea, kompyuta itafuta zake, kisha sanduku litazitazama na kusema hizi zina miaka saba, ni takataka. Zitaondoka kote kuwili, mjomba. Na mimi ndiye niliyekuelekeza.

Nimekupigia simu. Umepokea, ukasema, "Ndiyo, nimekula," ukakata. Nimepiga tena, ukasema umekula. Nimempigia Sileshi, akakimbia kwako na kurudi, anasema duka limefungwa kwa ndani na ndani kuna watu wanacheka. Unacheka nini?

Nampa barua hii dereva wa kwanza nitakayemwona. Mjomba, nakuomba.

Fikirte


Debre Markos,
Tikimt 25, 2011

Fikirte mwanangu, kaa chini.

Barua yako ya kwanza aliniletea Dejene, nikaisoma kwa sauti, tukacheka wote. Kumbe ni hilo. Sasa usinilaumu. Wewe uliniuliza nimeharibu nini. Hukuniuliza nimetengeneza nini. Siku ya mwaka mpya nilisafisha duka, nikapaka mlango rangi, nikapangusa kioo cha kompyuta, nikaona tarehe yake si tarehe ya mtu mwenye akili. Nikairekebisha. Nani anahesabu hilo kuwa kuharibu?

Basi nikaweka kidole kwenye tarehe, niirudishe 2018 kama ulivyosema. Moyo ukakataa. Nikamwambia Dejene, "Mimi nina miaka sabini na moja. Nikibonyeza hapa nina sabini na nane. Fikirte anataka kunizika." Dejene akasema, "Kwani lazima wewe ndiye uhame? Si sanduku ndilo geni hapa?"

Nikamtazama. Dereva wa tefu.

Tukaingia kwenye ile picha ya gurudumu. Tarehe ya sanduku ilikuwa pale, 2018, imekaa bila aibu ukutani kwangu, mtaani kwangu. Nikalibadilishia. Nikaliandika 2011, mwezi wa pili, saa yetu ya hapa. Likaniuliza kama nina hakika, nikabonyeza ndiyo kwa nguvu. Likazima taa, likawasha taa, na likanitambua. Fikirte, lilinitambua. Ule mstari wa kijani ukaanza kutambaa.

Tulikaa kwenye viti mbele yake kama tunatazama mpira. Dejene anahesabu nyimbo zinazoingia, mimi nazitaja majina, na kila ukiingia mmoja wa kuwasema waume, tunacheka. Hapo ndipo Sileshi aliposhambulia mlango. Hatukufungua. Nilidhani amerudi na chupa yake. Na simu ililia, nikapokea mara mbili, nikasikia nyuki tu, nikadhani ni yeye yule.

Kisha nikaona kompyuta inaanza kufuta. Hukuwa umeniambia hilo. Wimbo baada ya wimbo, kibahasha cha njano kinakonda mbele ya macho yangu. Nikaruka nikishike, nikapindua kiti, Dejene akanishika mkono akisema, "Gashe, mzee wangu, usiguse, ameandika tusibonyeze kingine." Nilimtukana yeye na mama yake mzazi, ambaye nampenda sana. Mpaka kibahasha kikabaki kitupu, na mkwaruzo ule ukanyamaza.

Nikafungua sanduku. Nikabonyeza wa kwanza niliouona. Kwanza ukimya. Halafu Wubalem akasafisha koo, akasema, "Haya Beyene, acha kunywa, piga."

Zote zipo. Zote.

Barua yako ya pili imefika leo, na dereva wa magunia ya saruji, haraka kweli. Niliisoma nimesimama, kisha nikatafuta kiti. Kumbe ningekutii, sasa hivi nisingekuwa na cha kumwambia yule mama. Sasa niambie: hilo sanduku, sheria yake ya miaka mitano, inahesabu kwa mwaka gani?

Mjomba wako, mwenye miaka sabini na moja,
Beyene


Addis Ababa,
7 Novemba 2018

Mjomba,

Nimelia kidogo chooni, kisha nikanawa uso.

Sanduku lako linaamini ni 2011, na nyimbo zinaamini ni 2011, kwa hiyo kwake ni vichanga. Hakuna atakayezigusa. Hata hivyo fuata karatasi niliyoambatanisha uziondoe sheria zote mbili kabisa, na nyimbo uzirudishe pia kwenye kompyuta ili ziwe mahali pawili. Safari hii nimeisoma karatasi mara nne, na nimeifanyia majaribio kwenye sanduku la ofisi. Ukimaliza, izime kompyuta kwa kubonyeza, kama watu. Uniambie inachukua muda gani.

Nimenunua kompyuta nyingine, nitakuja nayo mwenyewe Krismasi, kwa basi, mapajani. Ikifika ni yako, na tarehe yake uifanye upendavyo.

Kuna kitu kimoja hukukisema kwenye barua zote hizi. Miaka yote hiyo kwenye nyumba ya Wubalem, na zeze lako, ulikuwa unafuata pombe ya asali tu?

Fikirte


Debre Markos,
Hidar 13, 2011

Fikirte,

Sheria nimeziondoa. Nyimbo ziko mahali pawili. Swali lako la mwisho ni la mtoto asiye na adabu, na nitalijibu kwa njia yangu.

Jana nilibeba kompyuta nikaenda kwa Emahoy. Anakaa chumba kimoja nyuma ya kanisa, kitanda, kitabu cha Zaburi, na jiko la kuchomea kahawa. Alikuwa anakaanga buni. Nikamwambia, "Nimekuja kukuonyesha ziko salama. Kama ni dhambi niambie nirudi."

Akasema, "Padri amenikataza kuimba. Kusikiliza hakukutaja. Funga mlango."

Tukasikiliza. Huyu mtawa, Fikirte, ana ukali. Wimbo wa kwanza haujafika katikati ananiambia, "Hapo zeze limechelewa." Wa pili: "Hapo umelewa." Nikamwambia, "Ulikuwa wewe unanimiminia." Akaficha mdomo kwa shuka.

Kisha ukaja ule wa mpiga zeze. Nimeupiga nyuma yake maisha yangu yote, na sijawahi kuusikiliza, maana ukipiga husikilizi, unatafuta kamba. Unamsema mwanaume anayekuja kila jioni, anakunywa, anachekesha watu, anapiga mpaka watu wote wanaondoka, kisha anachukua kofia yake na yeye anaondoka, na alichokijia hakisemi.

Nikacheka. Nikamkumbuka Asnake, mpiga zeze mwingine aliyewahi kufika pale, nikasema, "Masikini Asnake, ulimsema vibaya."

Akaendelea kukoroga buni. "Asnake alisema alichotaka siku ya kwanza," akasema. "Ndiyo maana nilimfukuza siku ya kwanza."

Buni zikaanza kupasuka pale jikoni. Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha. Unajua mimi huwa sikosi. Sikukiona. Nikajishughulisha na kompyuta, nikamwambia, "Ngoja nikuonyeshe, siku hizi inakubali kulala." Nikabonyeza. Haikuzungusha kiduara, haikungoja mtu. Ikazima hapo hapo, kioo cheusi, chumba kimya.

Akakitazama kile kioo. Aliweka kikaango chini, akafuta mikono, akavuta kigoda chake mpaka goti lake likawa karibu na langu.

"Washa tena, Beyene," akasema.

Mjomba wako,
Beyene